Karani Aliyewashusha Watu Barakoa

Mzee Rejista hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheti cha kupita darasa la nane, hakuwa na shamba, hakuwa na kipara ingawa wenzake wa rika lake walikuwa nacho wote, na kwa mwaka wa tisa sasa hakuwa na masikio. Ya kushikilia miwani alikuwa nayo, mawili, makubwa ya kutosha. Ya kusikia ndiyo yaliyokwenda zake.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Huko posta, alikopokea barua za rejista kwenye dirisha la tatu, hakuna aliyeshuku. Alikuwa amejifundisha kusoma midomo ya watu, na kwa kuwa karani wa rejista huulizwa maswali yaleyale manne kutwa nzima, kazi ilikwenda. Alikuwa na hakika kwamba karani asiyesikia haachwi dirishani. Angepelekwa stoo kupanga magunia, au nyumbani kupanga viatu.

Kisha ukaja ugonjwa wa kifua, na asubuhi moja Mzee akafika kazini akakuta dunia nzima imejifunika mdomo.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye barakoa ya buluu. Mzee aliona kitambaa kikiingia na kutoka kama koo la chura. Akangoja. Kitambaa kikaendelea.

"Shusha hiyo, mama," akasema.

Mama akatazama tangazo la barakoa ukutani, akamtazama Mzee, akashusha.

Habari haikuchelewa kuenea. Baada ya wiki moja madirisha mengine yalikuwa na watu watatu watatu, na foleni ya dirisha la tatu ilifika mlangoni, midomo wazi yote. Alikuja hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwa na barua.

"Nimekuja kukupa mkono tu, mzee wangu."

"Siku hizi watu hawapeani mikono."

"Ndiyo maana nimekuja."

Kwa kuwa sasa Mzee aliwaelewa waliokataa barakoa tu, habari zote za ugonjwa alizipata kwao. Alijua kwamba ugonjwa haupo. Alijua pia kwamba upo, ila unachagua matajiri. Kwamba barakoa ndizo zinazouleta. Na kwamba shemeji wa kinyozi aliupata akapona kwa kulala kifudifudi siku mbili. Wenye barakoa huenda walikuwa na la kujibu. Halikumfikia.

"Huko sokoni wanakuita shujaa," mkewe alimwambia mezani, akitamka polepole kama kawaida yake.

"Shujaa wa nini?"

"Wa kutovaa barakoa."

"Mimi navaa." Na ni kweli, alivaa kutwa, tena iliyopigwa pasi.

"Baba Watoto, mwambie mkuu wako kwamba husikii."

"Nikishamwambia nitasikia?"

"Hutasikia. Lakini watu watajifunika."

Mzee akaomba aongezewe chai.

Dirisha la pili alikaa Mama Stempu, jirani yake kazini kwa miaka kumi na tisa. Huyu alivaa barakoa kwa kila mtu, lakini akitaka kuzungumza na Mzee aliivuta hadi kidevuni, kwa heshima, kwa kuwa alishaona anavyopenda. Na alikuwa mtu wa mazungumzo. Jumatatu kiti chake kikawa kitupu. Jumatano mkuu wa posta akabandika karatasi: mwenzetu amelazwa, anapumua kwa mashine.

"Presha hiyo," kinyozi akasema dirishani. "Hao wa barakoa hukosa hewa."

"Akizungumza na mimi hakuwa amevaa."

"Unaona? Kumbe mtu wetu." Akatoa karatasi yenye majina mengi. "Tunaiandikia serikali ifute barakoa. Tumekuweka mwenyekiti. Tia sahihi hapo juu."

Mzee aliisoma yote, kisha akamrudishia.

"Ningoje," akasema, na akachukua karatasi yake mwenyewe.

Chumba cha mkuu wa posta kilikuwa hatua kumi kutoka pale. Lakini mkuu alikuwa mtu mpole. Angemkalisha, angemtuliza kwa maneno mazuri, na Mzee angekubali bila kuyasikia. Barua ya rejista ikishaingizwa daftarini hairudi, hata kwa aliyeiandika. Akaandika anwani ya makao makuu, kisha akaendelea: *Mimi sisikii, mwaka wa tisa huu. Nimewashusha watu barakoa ili niwasome midomo. Sikuwa na sababu nyingine. Mwenzangu mmoja sasa amelazwa. Naomba mtu anayesikia akae dirisha la tatu mara moja, msingoje mwisho wa mwezi.*

"Ndiyo yetu hiyo?" kinyozi akauliza.

"Hapana. Vaa barakoa."

"Sina."

"Basi toka kwenye foleni."

Kinyozi akasema mengi. Mzee alikuwa ameinamia bahasha, kwa hiyo hakuyapata. Aliyeyusha lakiri nyekundu, akaidondosha juu ya mkunjo, akagandamiza mhuri mpaka ikapoa. Akaiandika barua daftarini, namba 412, akajikatia stakabadhi na kuitia sahihi pande zote mbili, ya mtumaji na ya karani. Saa kumi dereva wa posta akafunga gunia la barua, akalitupa garini, akaondoka nalo.