Foleni ya Melania

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Melania alikuwa amelima Gasorwe, Burundi, miaka mitatu tangu arudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na bado watu wa kilima chake walimwita mgeni. Mumewe alizikwa kule, binti zake wakaolewa hukohuko. Uani kwake hakukanyaga mtu, hata wa kuomba moto. Upweke ulimuuma, tusidanganyane.

Ndipo akaitwa mafunzo ya maji safi Gitega, akarudi na kichujio: bomba lisilozidi chupa ya bia, ndani limejaa nyuzi zenye vitundu visivyoonekana, maji yapite, vijidudu vibaki. Fundi Uthmani wa Nyamugari, aliyewafundisha, alimwonya, "Mama, kila jioni unasukuma maji safi kinyume, iioshe. Na siku ukiona maji inakimbia sana, iko imekufa. Usinywe."

Wee! Kilima kizima kikaja na madumu. Maji yalichuruzika polepole, watu wakakaa, wakapiga soga, wakamuuliza habari za binti zake. Melania alianza kufagia ua mara mbili kwa siku.

Masika yakaleta tope. Maji yakawa ya kudondoka, na jirani yake Paskazia akaguna kwamba afadhali mtoni. Melania akaogopa kuwapoteza. Kambini walifundishwa kuwa kilicho safi ni kilichochemshwa. Basi jioni ile akachemsha sufuria, akasukuma maji ya moto ndani ya bomba. Maskini, na nia yake njema!

Asubuhi maji yakamwagika shaa. Usiku tope lilikuwa limetuama katika ndoo ya kumiminia, hivyo maji yakaonekana safi kabisa.

"Leo imepona!" Paskazia akashangilia, akakinga kikombe cha mjukuu wake.

Melania akakumbuka onyo la Uthmani: maji yakikimbia, imekufa. Angenyamaza, nani angejua? Ua ulikuwa umejaa watu, wanacheka. Akakipokonya kikombe, akamwaga.

"Msinywe! Nimeiua mwenyewe, nimeunguza nyuzi zake kwa maji ya moto."

Hakuna aliyemtukana. Walijitwika madumu yao tu. Akawasihi wakae kidogo, bado mapema.

"Tukae tufanye nini, na maji hakuna?" Paskazia akauliza, wala hakuwa na ubaya.

Wakateremka mtoni.

"Muyachemshe!" Melania akawapigia kelele. Paskazia akainua mkono bila kugeuka.

Alisimama mpaka soga zao zikaishia bondeni. Kisha akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.