Mwanga Ulipobisha Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, na muuguzi ananipimia giza kwa pishi.

"Giza la nusu saa," akasema, akinimiminia mapajani. "Usimwage."

"Mbona jingi hivyo?"

"Macho hayapimwi yakiwa yameshiba mwanga, mama. Lazima yapate njaa kwanza."

Nikaona ana hoja. Niseme ukweli: kliniki hiyo nilipanga nisiione kabisa. Mimi ni fundi cherehani, na tangu mwaka jana jua likizama siioni hata ndoo iliyo mbele yangu. Nimelishwa karoti mpaka sungura wananionea wivu. Wifi yangu Tausi aliahidi kunipitia leo asubuhi anipeleke kwenye kipimo. Nami nikajipangia: atabisha hodi mara tatu, nitanyamaza, ataondoka zake kama ilivyo desturi. Niliogopa. Afadhali nisijue kuliko kuambiwa macho yamekufa.

Muuguzi ananitia dawa ya matone, mboni zinafunguka wazi kama milango ya sherehe. Ananibandika kidude kwenye paji la uso kwa gundi nyeupe, kisha analaza uzi mwembamba chini ya jicho. Mashine iliyounganishwa na uzi huo inakohoa.

"Fundi," inasema, "mgeni anaingia. Mimi kazi yangu ni kusikiliza wenyeji wako wakimjibu. Wanajibu kwa umeme, na umeme wenyewe ni kidogo, kwa hiyo usipepese."

Mara hakuna kliniki. Nimesimama ndani ya jicho langu mwenyewe, kwenye ukumbi mrefu wenye milango pande zote. Mwanga unaingia. Ni mrefu, umevaa kanzu, na unavua ndala kizingitini.

"Hodi," unasema.

Hakuna mlango unaofunguka.

"Hodi."

Hakuna hata anayekohoa. Nafungua mdomo nijibu mimi.

"Wewe nyamaza," mashine inanikemea kutoka darini. "Hujaulizwa wewe."

"Lakini jicho ni langu!"

"Ni lako. Wanaokaa humo ni wengine."

"Hodi," unasema mwanga mara ya tatu, kisha unainama kuokota ndala zake. Machozi yananitoka. Huko nje namsikia muuguzi akilalamika kwamba uzi unalowa.

Ukutani kuna mstari wa kijani, ambao mashine inauchora kuonyesha majibu ya wenyeji. Unaanza kuzama.

"Nimekwisha!" nasema. "Nifungulieni nitoke."

"Tulia, fundi," inasema mashine. "Hata kwa mwenye macho mazima mstari huzama kwanza, ndipo ukapanda. Wengi hukimbia hapa hapa."

Mwisho wa ukumbi mlango mmoja unalia. Anachungulia bibi mmoja, kimo cha kidole, kajitanda khanga.

"Karibu," anasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. "Utusamehe, baba, siku hizi hatuna mbio. Lakini tupo."

Milango mingine mitatu inafunguka. Karibu. Karibu. Karibu ndani.

Mstari unapanda. Unapanda kimo cha punje ya ufuta, unasimama.

"Ni mdogo," nasema.

"Mdogo," inakubali mashine. "Ila upo. Daktari akiuona atajua nani wamebaki, ajue pa kuanzia."

Mwanga unaweka ndala chini, unakaa mkekani na kuomba maji ya kunywa. Bibi anatazama huku na huku. Mtungi hauonekani.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha.

"Hodi!" Ni wifi Tausi, mlangoni.

Sikungoja hata ya pili. "Karibu!" nikajibu, kwa sauti iliyotawanya kuku wa jirani. Furaha niliyokuwa nayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi siku zote hizo.

Tausi akaingia, akanitazama, akasogea karibu zaidi.

"Wifi, umejipaka nini hapo kwenye paji la uso?"

Nikagusa. Duara dogo la gundi nyeupe, bado bichi.

Nikachukua kadi ya kliniki juu ya cherehani, nikampa mkono anishike.

"Twende upesi, wifi," nikamwambia. "Nimemwacha mgeni na wazee watupu, na mpaka sasa hakuna aliyempa maji."