Alichosema Mwalimu Kuhusu Nyanya

Kwa miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani hakuwahi kula sahani ambayo haikuhutubiwa kwanza. Mkewe alifundisha sayansi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata yeye mumewe. Akishapakua tu, darasa limeanza: vitunguu vililiwa na vibarua wa mafarao, pilipili manga iliwavusha watu bahari na kuwagombanisha. Fundi aliinamia sahani yake.

"Mwalimu, chakula kinapoa."

"Historia haipoi," alijibu mkewe, akaendelea.

Mwezi wa pili Mwalimu aliugua, wa tatu akazikwa. Tangu hapo nyumba ilibaki na sauti moja tu, ya cherehani. Fundi alikula mkate na chai ya rangi, tena amesimama, maana kukaa mezani kulimshinda. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba."

Uongo mtupu, lakini angesema nini?

Asubuhi moja mteja aliyefuata gauni lake alimkuta ameegemea ukuta, kizunguzungu kimemshika, mkasi bado mkononi. Alimkokota hadi zahanati. Presha ilikuwa juu, damu pungufu.

"Mzee wangu, unakula nini?" muuguzi aliuliza.

Fundi akataja maharage, mboga za majani, samaki. Muuguzi aliitazama suruali yake. Mtu anayepunguza nguo za watu wote, yake inamning'inia kama imeanikwa.

"Chumvi upunguze. Na Jumanne saa tatu kuna darasa la lishe. Uje."

Alienda kwa kuona haya kukataa. Walikuwa kina mama na watoto wachanga, mwanamume ni yeye peke yake, akakaa karibu na mlango ili atoroke upesi. Muuguzi akainua nyanya juu.

"Nani anajua asili ya hii?"

Kina mama wakatazamana. Kisha sauti ikasema, "Amerika ya Kusini," na Fundi akashtuka kutambua kuwa ni yake. "Ilipofika Ulaya, wengi waliiogopa wakidhani ni sumu. Waliipanda kama ua. Na ukiipika na mafuta kidogo, ile rangi yake nyekundu inaufaa mwili kuliko ukiila mbichi."

Vichwa vyote viligeuka. Hata mtoto mmoja aliacha kunyonya.

"He! Baba, umesomea wapi?" mama mmoja aliuliza.

"Mezani kwangu," alisema. Miaka yote ile alidhani hasikilizi.

Akirudi alipitia sokoni. Jikoni aliponda kitunguu saumu, akawa anakikimbiza sufuriani, akakumbuka tena: ukishakiponda, kiache dakika kumi kwanza, nguvu yake itoke. Basi akakiacha. Hakuwa na la kufanya ila kukaa. Akavuta kiti chake mezani. Jirani alikuwa anakung'uta mkeka nje. Kisha akaingia kwake. Fundi alitazama saa ya ukutani, zilikuwa zimepita dakika mbili tu. Zilizobaki alilia, bila kelele, kipande cha uzi kikiwa bado kimekwama shingoni mwa shati lake kama kawaida ya mafundi.

Mchuzi ulikosa chumvi na ulishika chini kidogo. Aliumaliza wote.

Halafu, ingawa haikuwa Jumapili, akampigia binti yake. Binti aliogopa.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepika." Akamweleza habari za nyanya na darasa, maneno yakimtoka mbiombio. Binti alicheka, kicheko kile kile cha mama yake.

"Mimi nakumbuka ile ya bizari ya manjano," alisema binti. "Uichanganye na pilipili manga, ndipo mwili unaipokea."

"Hiyo nilikuwa nimeisahau!"

"Na tangawizi je, Baba? Mama alisemaje kuhusu tangawizi?"

Fundi alifikiri. "Ya kichefuchefu. Ulipokuwa tumboni aliinywa sana."

"Hiyo naijua. Asili yake wapi? Alikuwa na kisa kirefu."

Alikwangua chini ya sufuria kwa kijiko.

"Sikumbuki, mwanangu."

"Na mimi sikumbuki."

Hakuna aliyekata simu. Mtu wa kumuuliza hayupo.