Kiti cha Lachlan

Tangu aanguke na kuvunjika nyonga, bibi Napaljarri hakuwahi kusimama bila kushikwa. Leo, katika zahanati ya kijijini, kijana kutoka jiji la Adelaide ndiye angeamua kama abaki kwao au apelekwe mjini Alice Springs, kwenye nyumba ya wazee, akafie huko akitazama ukuta. Kijana mwenyewe ni Lachlan, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye cheti chake wino haujakauka. Alikuwa ameketi kwenye semina ya mila za Wawarlpiri, kabila la Napaljarri, wenyeji wa asili wa jangwa la Australia, akaambiwa wazee hawakodolewi macho. Basi tangu afike alikuwa akizungumza na bega la Napaljarri.

Kiti alikuja nacho mwenyewe, kirefu, chenye mikono. Nyumbani kwa Napaljarri watu hula chini, hupiga soga chini, na hulala chini. Alishamweleza Lachlan hayo kupitia binti yake Rhonda, mhudumu wa zahanati: anachotaka ni kuinuka kutoka mchangani, ili aende tena na wenzake kuchimba sisimizi wa asali, wale wanaoliwa kwa utamu uliojaa matumboni mwao. Lachlan aliitikia kwa heshima zote, kisha akakisogeza kiti.

"Inama mbele, bibi. Sukuma mikono. Inuka."

Hakuinuka. Nyonga iligoma, naye akaing'ang'ania mikono ya kiti akiogopa kuanguka tena. Rhonda alikuwa chumba cha pili na mtoto mwenye homa, kwa hiyo Lachlan akampigia simu dereva wa zahanati aje amsaidie kuinua mgonjwa. Jina la mgonjwa hakulitaja. Siri ya mgonjwa, chuoni walimkazia hiyo.

Dereva alikuwa Japanangka, mume wa Rhonda. Kwa Wawarlpiri mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai chumba kimoja, hawasemezani, hawaonani uso. Mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo, na hajaenda semina yoyote.

Napaljarri alisikia mluzi wa mkwewe barazani, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Hakuinama mbele wala hakusukuma mikono. Alijikuta wima, nguo kaivuta usoni, akashika ukuta na kutoka mlango wa nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Japanangka aliona mgongo tu, akajifunika kofia usoni na kutimka alikotoka. Lachlan akabaki katikati na mkanda wake wa kuinulia wagonjwa.

Uani Napaljarri alijishusha mchangani. Nyonga ilimuuma vibaya, lakini moyoni alifurahi kama msichana. Rhonda alikuja mbio, kwani alimwona mumewe akitimka kofia usoni, akayaelewa yote kabla ya kuambiwa, akakaa kando yake akicheka mpaka machozi.

Lachlan akatokea amebeba kiti.

"Umeona, bibi? Mazoezi yamejibu. Nawapigia mjini sasa hivi, unabaki nyumbani. Na wiki ijayo nitamwita tena yule kaka, naona anakupa ari."

Rhonda alifungua mdomo amweleze. Mama yake akamfinya paja.

"Mwache apige simu kwanza," alisema kwa lugha yao. "Adabu utamfundisha baadaye."

Lachlan aliliuliza bega limesema nini.

"Anakushukuru kwa kiti," Rhonda akajibu.

Kijana akapiga simu palepale, akijisifu. Napaljarri alisubiri mpaka asikie imekubaliwa abaki, kisha akamwomba binti yake muo wa kuchimbia, akauchomeka mchangani na kuanza kujifunza kuinuka. Kiti alishakipanda mbwa.