Siagi Iliyopinda Kisu

Nitaanza na siagi, maana siagi ndiyo iliyoniumbua. Jumamosi ile niliamka nikaona pumzi yangu mwenyewe ikinitoka mdomoni kama moshi. Nikashuka jikoni na soksi mbili mbili, nikaitia kisu siagi ya mezani, kisu kikapinda. Hapo ndipo nikasikia kimya. Tanuru letu la gesi kule chini, lile linalopuliza hewa ya moto kwenye matundu ya sakafu, halikuwa likinguruma. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na ndani tulikuwa tunaifukuzia.

Ingekuwa siku nyingine ningejikaza kisabuni. Lakini siku hiyo binti yangu Renae alikuwa anakuja kutoka jijini kula nami chakula cha mchana, na mimi na Renae tulikuwa na makubaliano. Oktoba nilianguka kwenye ngazi nikisafisha mifereji ya paa. Novemba pampu ya maji ikafa. Renae akanikalisha hapo hapo mezani akasema, "Mama, kitu kimoja tu kingine kikiharibika kwenye nyumba hii, unahamia zile nyumba za wazee karibu na kwangu. Sawa?"

Na mimi, mjinga mkubwa, nikasema, "Sawa tu."

Nina miaka sabini na minane. Arobaini na tisa kati ya hiyo nimeishi humu. Harlan, mume wangu, alifia chumba cha juu, dirisha likitazama ziwa. Halafu nyumba nzima niitoe kwa "sawa tu"! Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, na Renae angefika saa sita mchana. Nikapiga simu kwa mafundi.

Akapokea dada mmoja anayewapangia mafundi kazi, sauti yake changamfu. "Peggy hapa. Kuna shida gani, mama?"

"Aa, si shida hasa," nikasema. "Tanuru linaonekana limechoka kidogo."

"Nyumba ina baridi?"

"Kuna kaubaridi. Si mbaya sana."

"Basi nikuandikie Jumanne?"

"Jumanne ni sawa kabisa. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Nikakata simu, nikabaki nimeishika, natetemeka. "Marlys Tollefson," nikajiambia kwa sauti, "wewe ni punguani." Lakini nifanyeje? Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani. Mtu wa hapa msumeno ukimkata kidole atasema umemkwaruza. Baba yangu moyo ulimbana zizini, akamaliza kwanza kukamua ng'ombe wote kumi na wanane, ndipo akaja kumwambia mama kwamba anajisikia "tofauti kidogo". Kufa na tai shingoni ndiyo dini yetu, ile ya kanisani inafuata.

Nikapiga tena.

"Samahani dada, ni mimi yule wa Jumanne. Kama labda kuna fundi anapitapita huku, na hana la kufanya, na kama haitamsumbua..."

"Mama," Peggy akanikatiza, "wewe mzaliwa wa hapa hapa?"

"Ndiyo."

"Basi ngoja nikuulize kama tunavyoulizana wenyewe. Umevaa nini sasa hivi?"

"Nguo."

"Nguo gani?"

"Koti la marehemu mume wangu."

"Na nini?"

"Na kofia yake ya kuvulia samaki kwenye barafu," nikasema. "Ile ya masikio."

"Ehe. Na siagi yako ya mezani, inapakika?"

Kudanganya siwezi, kanisani naimba sauti ya pili. "Imepinda kisu."

Nikamsikia akipiga ukelele ofisini kwao. "Duane! Weka hiyo keki chini! Siagi imepinda kisu!" Kisha akanirudia. "Anakuja. Lakini mama yangu, siku nyingine ukipiga simu sema neno moja tu: dharura. Hebu jaribu."

"Dha..." nikasema. Likagoma kutoka.

"Haya, utafanya mazoezi," akasema Peggy.

Duane Haugen aliwasili kabla ya saa nne. Jitu refu, ndevu zimeshika barafu, mpole kama ndama. Alisimama mlangoni akavisha viatu vyake vifuko vya plastiki asinichafulie sakafu, sakafu yenyewe baridi kiasi kwamba ningemkaribisha hata na matope.

"Kahawa?" nikamwuliza.

"Hapana, usijisumbue."

"Imeshachemka."

"Hapana, asante, niko sawa."

"Kikombe kidogo tu."

"Haya, kama kweli ipo," akasema. Kubali mara ya kwanza hapa kwetu uone utakavyosemwa. Siku hiyo lakini nilitamani nimmwagie kahawa mdomoni twende chini, maana saa ya ukutani ilikuwa inakimbia.

Chini, Duane hakugusa kitu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalisikiliza tanuru. Lilivuma kidogo, likatoa mlio mdogo, tik, likanyamaza. Baada ya muda likavuma tena, tik, kimya. Akafungua mlango wake mdogo, akanionyesha kijitaa chekundu ndani, kinawaka na kuzima.

"Hesabu nami, mama. Moja, mbili, tatu. Kimya. Moja, mbili, tatu."

"Inamaanisha nini? Limekufa?"

"Inamaanisha halipumui. Lina kifaa cha usalama, kikiona moshi hauna pa kutokea kinakataa gesi isiwashwe. Kingekubali, ungelala usiamke." Akainuka. "Mabomba yake yanatokea wapi nje?"

"Pale ubavuni," nikasema. "Mahali fulani pale."

Tukatoka. Tukazunguka nyumba, theluji imetufika magotini, na pale ubavuni hapakuwa na bomba wala dalili ya bomba. Palikuwa na kilima. Kilima cha theluji kimenifika kifuani, kimeshindiliwa ukutani kama mtu kapiga lipu.

Duane akakigonga kwa ngumi. "Huu si upepo," akasema. "Upepo haushindilii hivi."

Mimi nilijua palepale. Nikajitia hamnazo, lakini nilijua. Ni Verlyn.

Verlyn Stoltz ni jirani yangu wa kulia, mzee aliyefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume. Tangu Harlan afariki, miaka sita sasa, theluji ikianguka njia ya gari langu inasafishwa, na wala sijawahi kumwona anayesafisha. Anangoja nitoke au nilale ndipo anapita na ile mashine yake ya kurusha theluji, taa kaizima, kama mwizi wa kuku. Akishukuriwa atakufa kwa aibu. Kwa hiyo simshukuru. Namwokea mkate wa ndizi, nauweka kwenye ngazi yake bila jina, na yeye hajawahi kusema ameuona. Tumeishi hivyo kwa raha mustarehe. Jana yake jioni nilikuwa mazoezi ya kwaya, niliporudi njia ilikuwa safi. Kumbe theluji yote kairushia ubavu wa nyumba yangu!

Na huyo akatokea, koleo mkononi, uso mwekundu kuanzia shingoni.

"Habari za asubuhi," akasema, anatazama theluji. "Naona... naona kumekusanyika kidogo."

"Kidogo!" nikasema.

"Labda upepo," akasema Verlyn.

"Upepo wenye injini," akasema Duane, akaanza kuchimba.

Verlyn akashusha pumzi. "Jana upepo ulitoka kaskazini," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nikirushia upande ule mwingine ilikuwa inanirudia usoni. Nikageuza. Sikuyakumbuka mabomba, Marlys. Ningekuua."

"Acha hizo, chimba," nikasema, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlengalenga, na kwenye baridi ile yanaganda.

Walichimba wote wawili. Mabomba mawili meupe yakajitokeza, yamezibwa hadi ndani. Duane alikuwa anachokonoa barafu kwenye kona ya bomba niliposikia gari. Renae. Saa tano na dakika ishirini. Mtoto huyu kazaliwa wiki mbili kabla ya siku zake na hajawahi kuacha tabia hiyo.

Nikakimbilia jikoni nikawasha oveni, nikafungua mlango wake, nikasimama mbele yake kama mtu anayesubiri basi. Renae akaingia na kikapu cha mboga. Ana miaka hamsini na miwili, macho ya baba yake. Akanitazama juu hadi chini.

"Mama. Mbona umevaa koti la Baba?"

"Nilikuwa nalijaribu."

"Na kofia ya samaki?"

"Inaendana na koti."

Akapuliza hewa, pumzi yake ikaonekana vizuri kabisa. Akaweka kikapu mezani polepole. "Tanuru."

"Limechoka kidogo tu."

"Mama, tulikubaliana."

Mlango wa nyuma ukafunguka, Duane akaingia, Verlyn nyuma yake anapangusa theluji masharubuni. Nikamrukia Duane kwa maneno kabla hajavaa vifuko vyake.

"Fundi, mwambie binti yangu. Kuna kitu kimeharibika?"

"Hapana," akasema Duane. "Tanuru ni zima kabisa, lilizikwa tu. Nikalizime na kuliwasha upya, basi."

"Umesikia?" nikamwambia Renae. "Makubaliano yetu yanasema kuharibika. Kuzikwa hakumo."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa, na koti lake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Sikuelewi, Mama. Mbona unahangaika hivi? Si wewe mwenyewe ulipapenda kule kwenye nyumba za wazee?"

"Nani kapapenda?"

"Nilikupeleka ukaona. Chumba, dirisha, wale wazee wakicheza karata. Nikakuuliza unaonaje, ukasema, 'Si pabaya.'"

"Ndiyo! Nilisema si pabaya!"

"Ndiyo hivyo!" Renae akapaza sauti. "Siku ya harusi yangu Baba aliniona kwenye gauni, akasema, 'Si mbaya,' akaenda kulilia gerejini! Ningejuaje wewe yako ni ya aina nyingine?"

Duane akatazama dari. Verlyn akatazama buti zake. Mimi nikasimama pale na kofia yangu ya masikio, oveni inanichoma matako, na kwa mara ya kwanza nikaona nilivyojifunga kamba mwenyewe. Asubuhi nimetumia neno lilelile kusema naganda, na mwanangu kalisikia akaelewa nimefika peponi. Na kama nisingesema kitu hapo, wangenifungia mizigo kwa mapenzi kabisa.

"Ngoja nikashughulike kule chini," akasema Duane.

"Nitakushikia tochi," akasema Verlyn, ambaye hajawahi kushika tochi ya fundi maishani mwake. Wakatoweka ngazini kama wamefukuzwa.

Tukabaki wawili. Nikapiga moyo konde.

"Renae," nikasema. "Dha..." Nikajaribu tena. "Dharura."

Akanyanyuka mbio. "Nini? Moyo?"

"Kaa chini. Sitaki kuhama. Sitaki, sitaki hata kidogo. Pale ni pabaya. Wale wazee wanaiba karata. Nataka kukaa hapa mpaka mnitoe maiti, miguu mbele, na nikianguka tena nataka nianguke kwenye sakafu yangu. Nimemaliza."

Nilikuwa nahema. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo ya nitakacho tangu nizaliwe.

Renae akaziba mdomo kwa viganja. Nikadhani nimemwumiza. Kumbe analia na kucheka kwa pamoja. "Mama, nimeendesha saa mbili na nusu nalia njia nzima. Nilipokuambia uhame niliogopa utaanguka tena, nikangoja ukatae, ukasema 'sawa tu', nikadhani umeichoka nyumba. Nikasema, nisimzuie, nisijifikirie mwenyewe. Hii ni nyumba yangu pia. Mimi sikutaka uondoke hata siku moja."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Chini tukasikia swichi, halafu lile vumo, halafu tik, kisha badala ya kimya, vuuu, moto ukashika. Verlyn akapiga makofi mara moja, akajizuia. Sakafu ikaguna kidogo, na kwenye tundu lililo karibu na sinki vumbi likaruka, hewa ikaja, baridi kwanza, kisha vuguvugu, kisha moto.

Renae akainuka. Akavua viatu, akaenda kusimama juu ya lile tundu, palepale alipokuwa akisimama akiwa wa miaka mitano na gauni lake la kulalia likijaa hewa kama puto. Koti lake likatuna pande zote. Akanyoosha mkono, akanivuta, tukabanana wote wawili juu ya kitundu kisichozidi ukubwa wa sahani, koti la Harlan nalo likajaa.

"Likoje hilo joto?" nikamwuliza.

"Si mbaya," akasema, pua inamtiririka.

"Sema vizuri."

"Zuri sana, Mama," akasema mwanangu, akanishika kiuno. "Zuri sana."