Sare ya Kijani

Mwanaheri alikuwa amesamehe. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu wa mtaa wa Mirongo, na watu wakaamini, maana alisema huku anacheka na pini zake za ushonaji zimejaa mdomoni. Ukweli ni kwamba hakuwa amesamehe hata robo. Alikuwa anangoja tu, na alingoja kwa raha zake, akila vizuri na kulala vizuri, kama mtu ambaye fedheha ya mwenzake ameshaiweka kabatini na funguo anazo yeye.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mwaka uliopita, siku ya kicheni pati ya binti yake, Nusrat. Ukumbi ulipambwa, pilau likapikwa masufuria mawili makubwa, viti mia moja na ishirini vikavalishwa vitambaa vyeupe. Nusrat akakalishwa mbele, hina imempanda mpaka kwenye viwiko. Wakaja watu tisa, na watatu kati yao walikuwa wapishi. Mwanaheri alisimama mlangoni mpaka magoti yakamuuma. Mshereheshaji, asijue la kufanya, akawa anatangaza kuwa wageni wako njiani, kila baada ya wimbo, mpaka Mwanaheri akamwambia afunge mdomo.

Kesho yake Dorcas, rafiki yake anayeuza dagaa soko kuu, ndiye aliyemfungua macho. "Mama Nusrat, si mlisema sherehe imeahirishwa? Shamsa alinipigia. Alipigia watu wote. Alisema mmepata msiba wa ghafla, mmesafiri kuzika."

Shamsa! Angekuwa jirani wa kupita tu, Mwanaheri angemtukana siku hiyo hiyo na mambo yangeisha. Lakini huyu alikuwa Shamsa wa tangu usichana, waliyelala naye kitanda kimoja wakisikiliza kanda za Nargis Kombo, mwimbaji wa taarabu, mpaka betri zinakufa. Nusrat alipozaliwa, Shamsa ndiye aliyempokea kutoka kwa mkunga. Mwanaheri alimfuata nyumbani kwake, akitegemea atakana, ili apate sababu ya kumrukia. Shamsa hakukana.

"Nisamehe, dada," alisema, macho chini. "Yalinizidi."

"Yapi yalikuzidi?"

"Nisamehe tu."

Basi Mwanaheri akajijibia mwenyewe. Wivu. Shamsa hakujaliwa mtoto, akaona mwenzake anaoza binti kwa kishindo, roho ikamuuma, akaamua wote wakose. Jibu hilo lilikaa vizuri, na Mwanaheri hakutafuta jingine. Ndoa aliifungisha wiki ile ile, kwa hasira, ili Shamsa aone kuwa hakuzuia kitu. Nusrat akavushwa ziwa kwenda Sengerema kwa mumewe, Suhaib, muuza vipuri vya magari, mtu mzima mwenye nyumba ya vigae na maneno machache.

Kisha yakaja matangazo kwamba Nargis Kombo anakuja Mwanza.

Gari la matangazo lilipita Mirongo likipiga wimbo wake, na Mwanaheri akaacha nguo ya mteja chini ya sindano, akatoka mpaka barabarani. Miaka yote hiyo alimjua mwanamke yule kwa sauti tu na kwa picha za kwenye simu. Sasa atakuwa bustanini, Capri Point, Jumapili saa kumi jioni, kando ya ziwa. Mwanaheri alipiga vigelegele peke yake pale barabarani. Aliporudi kwenye cherehani alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameona jinsi kabati lake litakavyofunguliwa.

Kikundi chao cha wanawake saba kilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: popote waendapo pamoja, harusini au msibani, wanavaa sare, na sare inashonwa na Mwanaheri. Shamsa, kama katibu, ndiye huchagua kitambaa. Safari hii alichagua kitenge cha zambarau chenye maua meupe, akaleta cha kwake mapema, akasimama katikati ya chumba cha cherehani, mikono juu, kupimwa.

"Nishonee vizuri, dada," alisema. "Namwendea Nargis, siyo mchezo. Unakumbuka tulivyokuwa tunalilia kanda yake ilipokatika?"

"Nakumbuka," alisema Mwanaheri, akamzungushia futi kiunoni. "Utapendeza mpaka watu wakugeukie."

Alimshonea vizuri kweli. Hakuruka hata mshono mmoja. Halafu akawaita wale watano wengine, mmoja mmoja, akawaambia kuwa sare imebadilika. Ni dera la kijani lenye nakshi za dhahabu, na Shamsa asiambiwe. Dorcas, ambaye naye alikuwa na lake na Shamsa tangu vikao vya harusi, alipiga makofi. "Mayu wane, mama yangu! Yaani afike pale yeye peke yake zambarau?" Rose alisita kidogo, akauliza kama miezi kumi na moja si mingi kwa kinyongo. Mwanaheri akamuuliza ni viti vingapi vilikuwa tupu siku ile. Rose akatoa mkono apimwe.

Dera la saba la kijani alimshonea Nusrat. Alimpigia simu, akamwambia avuke na kivuko cha Kamanga Jumapili asubuhi, kuna zawadi yake. Nusrat alipofika na kulijaribu, lilimkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Mwanaheri alilipunguza ubavuni mara mbili, vidole vinne kila upande, akisema kuwa ndoa changa hukondesha, atanenepa akishika mimba. Nusrat alijitazama kwenye kioo, akageuza uso. Mama yake hakumuuliza, maana saa nane ilikuwa imeshapita na yeye bado hajapaka wanja.

Bustani ilikuwa imejaa. Jua lilikuwa upande wa ziwa, majabali yanang'aa, moshi wa sato wa kukaanga unawapitia watu usoni. Wanawake sita wa kijani na Nusrat wao waliketi meza ya mbele, na watu wakawa wanawasifia. Mwanaheri alikalia ukingo wa kiti, uso umeelekea getini.

Shamsa akaingia.

Alikuwa amependeza, lazima isemwe. Alitembea akitabasamu, mkono umeshainuliwa kuwapungia, na tabasamu likamganda usoni alipoona kijani. Alihesabu kwa macho, kijani, kijani, kijani, kisha akatazama gauni lake mwenyewe. Kwa wanawake wa mji huu hakuna haja ya kuambiwa zaidi. Kuachwa kwenye sare ni kutolewa kwenye kikundi mbele za watu, bila kikao na bila barua. Meza za jirani zilishaelewa, na minong'ono ikaanza kupita.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Nusrat, akiinuka.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Shamsa. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Viti hapa vimejaa, Katibu," alisema Mwanaheri kwa upole. "Jaribu kule nyuma."

Shamsa akaenda nyuma, akaketi meza ya watu asiowajua, zambarau peke yake. Mwanaheri alihisi kitu kimelainika kifuani ambacho kilikuwa kigumu mwaka mzima. Akaagiza soda kwa meza nzima.

"Mama, mbona yuko peke yake?" aliuliza Nusrat.

"Tulia. Zawadi yako bado."

Nargis Kombo alipopanda jukwaani, Mwanaheri alisahau kisasi kwa muda wa nyimbo mbili nzima. Mwanamke yule alikuwa amezeeka, mnene, anatembea polepole, lakini alipofungua mdomo sauti ilikuwa ile ile ya kwenye kanda, na machozi yakamtoka Mwanaheri bila ruhusa. Aligeuka kama alivyozoea kugeuka tangu usichana, amshike mkono mtu wa pembeni yake, akamkuta Dorcas anatafuna samaki. Akajifuta macho.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule alioungoja, Hukunizika Vizuri. Violini zilipoanza, bustani nzima ilipiga kelele.

Sasa, kwenye taarabu mtu hamtukani adui yake kwa kinywa chake, mwimbaji ndiye humtukania. Unangoja ubeti unaokufaa, unapanda jukwaani na noti yako, unamtunza mwimbaji, kisha unageuka na kumnyooshea kidole unayemkusudia. Huna haja ya kutamka neno. Aliyenyooshewa ana njia mbili: ainuke acheze, mikono juu, kuonyesha kuwa halijampata, au ainame. Akiinama, mji mzima umeelewa.

Mwanaheri alipanda jukwaani kwenye ubeti wa pili, akijinyonganyonga, noti imebanwa vidoleni. Nargis alimwona ana lake, akaurudia ubeti ule taratibu, kwa kumkolezea:

*Ulikula kwangu wali, ukapangusa mkono,*
*Ukaenda kwa jirani, kunichongea maneno.*

Mwanaheri akamtunza, akageuka, akanyoosha kidole juu ya vichwa vya watu wote mpaka meza ya nyuma. Watu wakafuata kidole, wakaiona zambarau, na vigelegele vikalipuka. Dorcas alisimama juu ya kiti. Mwanaheri alisubiri Shamsa ainuke acheze. Alikuwa hodari wa kucheza kuliko wote saba. Shamsa hakuinuka. Aliinama, akafunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika.

Ilikuwa tamu. Mwanaheri hakuwa mtu wa kujidanganya katika hilo. Alishuka jukwaani jasho linamtiririka, roho nyeupe, akipigwa mabega na watu wasiomjua, akarudi mezani kwa binti yake mikono wazi.

"Umeona?" alisema. "Umeona, mwanangu? Ile ndiyo zawadi yako."

Nusrat hakuwa amepiga kigelegele. "Mama," alisema, "ni mimi niliyemtuma."

"Kumtuma nani?"

"Mama mdogo. Zile simu. Mimi ndiye niliyemwomba apige."

Muziki ulikuwa juu, lakini kila neno lilimfikia Mwanaheri kama limesemwa chumbani. Aliketi.

"Nilikuambia simtaki Suhaib," Nusrat aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mara tatu nilikuambia. Ukasema watu wameshaalikwa. Nikasema basi wasije. Nikadhani ukumbi ukiwa mtupu utaona aibu, utaahirisha, nipate nafasi ya kuongea na wewe. Mama mdogo alikataa, nikamlilia siku mbili. Nikamwapisha asikwambie, maana nilikuogopa."

Mwanaheri alikumbuka. Alikumbuka Nusrat amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani, anaongea na kulia, na yeye mwenyewe anakanyaga pedali kwa nguvu zaidi ili mlio umfunike. Alikuwa na gauni la harusi la kumalizia.

Angeweza kusema jambo lolote pale. Angeweza kumuuliza anaishije huko Sengerema, kwa nini vidole vinne kila upande. Lakini watu walikuwa bado wanamtazama kwa kumsifu, meza ya tatu ilikuwa inamwinulia soda, na mwaka mzima alikuwa ameungoja ushindi huu. Hakuwa tayari kuunyang'anywa kabla haujapoa.

"Nyamaza," alimwambia kwa meno yaliyofungwa, huku akitabasamu kwa ajili ya watu. "Tutaongea nyumbani. Usiniharibie siku yangu."

"Siku yako," alisema Nusrat.

"Cheka. Watu wanatuona."

Nusrat hakucheka. Alimtazama mama yake kwa muda, kama fundi anayetazama kitambaa na kuona hakitoshi. Kisha akafungua pochi ya Mwanaheri iliyokuwa mezani, akachomoa noti, akainuka. Watu walimpisha wakimshangilia, maana alivaa kijani, na walidhani kijani kinaongezea pale kilipoishia. Dorcas akapaza sauti: "Mmalize, mwanangu! Mmalize!"

Mwanaheri alimwona akipanda jukwaani. Dera lilimpwaya hata baada ya kupunguzwa, na chini ya taa za jukwaa mifupa ya shingo yake ilionekana. Alimnong'oneza Nargis sikioni. Yule mzee wa kazi alimtazama usoni, akaacha kutabasamu, akawapungia mkono wapiga muziki washushe. Kisha akauimba ubeti wa mwisho, peke yake, bila ngoma:

*Nililia ukiona, ngoma ukaiongeza,*
*Leo zamu yangu mimi, kaa nitakueleza.*

Nusrat akamtunza. Akageuka.

Watu wote walikuwa wameshazungusha shingo kuelekea meza ya nyuma, kwenye zambarau. Kidole hakikwenda huko. Kilishuka mbele, kikapita juu ya soda na mifupa ya sato, kikasimama usoni kwa mama yake.

Kwanza watu walitazamana. Halafu mtu mmoja alipiga kigelegele, akafuatwa na wengine, mpaka bustani nzima ikawaka, kwa sababu watu hawakuja kujua nani ana haki, walikuja kuona kidole kimenyooshwa vizuri. Dorcas alishuka kwenye kiti chake polepole. Rose alikisogeza chake pembeni. Kule nyuma Shamsa alikuwa amesimama, mtandio umemwanguka, anapunga mikono yote miwili na kupaza sauti, "Shuka, mwanangu! Shuka, usimfanyie hivyo mama yako!" na hakuna aliyemsikia isipokuwa Mwanaheri.

Mwanaheri alijua anachotakiwa kufanya. Ainuke, atupe mikono juu, acheze, aonyeshe kuwa halijampata. Alishika ukingo wa meza, akajaribu kujiinua. Binti yake alikuwa bado amenyoosha kidole, analia mbele ya watu wote, na Mwanaheri akainama.