Jina la Pili kwenye Kadi

Mama alikuwa na miaka themanini na miwili. Kwa maneno yake mwenyewe akili zilikuwa timamu. Kwa maneno ya wanawe, zilikuwa zimeanza kumkimbia. Kilichowatia hofu ni kitabu. Tangu mwaka uanze alishikilia kwamba aliwahi kuandika, yeye na profesa aliyekuwa bosi wake, kitabu cha historia ya wafinyanzi. Jina la kitabu lilimtoka, la profesa nalo. Wanawe walichojua ni kwamba mama yao alikuwa karani wa kupiga taipu, basi.

Kaka mkubwa alishakata shauri: mama ahamie kwake, nyumba yake ifungwe. Binti, kitinda mimba, akaomba siku moja tu ampeleke maktaba kuu. Kitabu kisipoonekana, hana neno tena. Na moyoni, tuseme ukweli, alijua hakitaonekana.

Kompyuta ya maktaba ikamuunga mkono. Wakaandika jina la mama: hakuna. Wakarudia herufi kwa herufi: hola. Binti akaanza kufunga mkoba, na hapo, aibu iliyoje, akahisi nafuu.

Mkutubi, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Bi Droo, akauliza kitabu kilihusu nini. Vyungu, mama akajibu. Bi Droo akaguna, akasema mashine isilaumiwe, alaumiwe yeye. Zamani, walipohamishia kadi kwenye kompyuta, walikuwa wapigaji taipu wanne, yeye mmoja wao, na kadi elfu tisini, mkuu wao akiwakimbiza mchakamchaka. Wakakubaliana kimyakimya: kwa kila kadi, waingize mwandishi wa kwanza tu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia mkuu?

Akawapeleka chumba cha nyuma, kwenye kabati la droo ndogondogo ambako kadi zilipangwa kwa mada. Akavuta ya ufinyanzi, akapekua kwa kidole gumba, akasimama. Juu palikuwa na jina la profesa. Chini yake, kwa wino uliofifia, jina la mama, kamili.

Kitabu kikaletwa kutoka ghalani. Mama hakulia wala hakushangilia. Alikifungua, akakipapasa, kisha akamtazama bintiye.

“Mimi nilidhani tumekuja kukisoma,” alisema. “Kumbe umekuja kunipima.”

Binti hakuwa na pa kuuweka uso. Angeweza kusema ni kaka, ni hofu, ni huruma. Lakini nusu saa tu iliyopita alikuwa amefurahi kitabu kukosekana.

“Ndiyo, mama. Sikukuamini.”

Mama alivuta kiti cha pili mpaka karibu yake, akafungua kurasa za katikati.

“Sura ya tatu niliiandika nikiwa na mimba yako. Kaa.”

Binti akakaa. Simu yake ikaita mkobani, ni kaka; akaiacha iite.